Mizani ya wasikilizaji haina stika

Muuza samaki wa Feri, Dar es Salaam, anatakiwa kuwa na mizani yenye stika ya mkaguzi wa vipimo. Mkulima wa viazi wa Njombe amepigana miaka mingi na rumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na leo walau ana kanuni ya kumwonyesha dalali: gunia lisizidi kilo 100. Katika biashara ya matangazo ya redio na televisheni, bidhaa inayouzwa ni masikio na macho ya watu, na mizani inayoyapima haina stika ya mtu yeyote. Muuzaji anaisoma, mnunuzi anaisoma, fedha zinatoka, lakini ni nadra kumpata aliyeigeuza juu chini kuona kama kuna jiwe lililofungwa.

Aliyemo kwenye biashara hii anaujua mwendo wake. Kampuni ya simu, benki, kiwanda cha sabuni au kampuni ya michezo ya kubahatisha hutenga bajeti ya robo mwaka. Wakala wa matangazo anafungua ripoti ya wasikilizaji, anachukua bei ya sekunde 30 na kuigawa kwa idadi ya watu wanaodaiwa kusikiliza saa hiyo, kisha anapanga vituo kwa gharama ya kuwafikia watu elfu moja. Vilivyo juu vinapata mkataba. Vilivyo chini vinaombwa punguzo. Visivyomo kwenye ripoti haviombwi chochote.

Mmiliki mmoja wa redio katika Kanda ya Ziwa, aliyeomba jina lake na la kituo chake yasitajwe kwa kuhofia wateja wachache alionao, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa uchungu kuliko wengine wote. Kituo chake kiko juu ya duka la vifaa vya ujenzi: vyumba viwili, jenereta nyuma ya ukuta, antena mlimani. Kipindi chake cha alfajiri kinatangaza bei ya dagaa na sangara, hali ya upepo ziwani, na majina ya waliofiwa. Wavuvi wanarudi mwaloni, redio zimewashwa, mama lishe wanasikiliza, wachuuzi wanasikiliza. Simu za studio, anasema, haziachi kuita mpaka saa tatu asubuhi.

Alipokwenda Dar es Salaam kutafuta matangazo, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa namba zake ziko wapi. Akatoa alichokuwa nacho: daftari la simu zinazopigwa studio na bahasha nene ya kadi za salamu, zile ambazo wasikilizaji hununua, wakaandika majina ya wanaowasalimia na kuzituma zisomwe hewani. Kijana aliyempokea alizipitia kwa heshima, akamrudishia, akamwambia kwamba hayo ni mapenzi ya wasikilizaji, hayahesabiki kama takwimu. Baadaye mmiliki huyo aliulizia bei ya kununua ripoti yenyewe, akaona ingemlazimu kusimamisha mishahara ya watangazaji wake kwa miezi. Rafiki alipomwonyesha ukurasa mmoja, mkoa wake haukuwa na safu. Ulikuwa umekunjwa ndani ya maneno mawili: mikoa mingine.

Anasema hata angepewa wasikilizaji wachache asingelalamika, kwa sababu angejua pa kuongeza bidii. Linalomuuma ni kwamba watu wake hawakuulizwa kabisa. Na kuna jambo la pili analolirudia kila mazungumzo yakitaka kuisha. Mawakala wa kampuni ileile ya simu, walioko wilayani, humlipa taslimu ili mtangazaji ataje ofa yao asubuhi, kwa sababu wateja wanawaona kwa macho yao kabla jua halijapanda. Makao makuu ya kampuni hiyohiyo, yanayonunua kwa kufuata jedwali, hayamlipi. Tangazo likimfikia kupitia wakala wa jijini, linakuja kwa bei ya kutupa, na malipo yanachukua miezi mitatu au zaidi. Mauzo yanamwona, ripoti haimwoni, na hundi inaifuata ripoti.

Watafiti nao wana hoja yao, na ina uzito. Mmoja wao anakumbusha kwamba kumpeleka mdadisi kijijini ni nauli, posho, siku mbili za safari na msimamizi wa kurudia kuhakiki. Anayelipia utafiti ni mteja wa mjini anayetaka kujua Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Dodoma na Mbeya. Wanafanya walichoagizwa, anasema, na wanaandika ukubwa wa sampuli mwanzoni mwa ripoti. Ni kweli, huandikwa. Lakini jedwali linapokatwa na kutumwa kwa simu kutoka ofisi moja hadi nyingine, ukurasa huo wa mwanzo haufuatani nalo.

Uzito wa ukurasa huo unaonekana kwa penseli na karatasi. Tanzania ina mikoa 31, 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Tuchukue sampuli ya watu 2,000, ambayo kwa nchi nzima inatosha vizuri. Ukiigawa sawasawa, kila mkoa unapata watu 64 au 65. Redio yenye asilimia 10 ya wasikilizaji mkoani inasimama juu ya mabega ya watu sita au saba. Mmoja wao akienda msibani wiki ya utafiti, sehemu kubwa ya soko la redio hiyo imeondoka naye. Kwa watu 65, kanuni za takwimu zinaruhusu jibu kuyumba hadi pointi 12 juu au chini. Hata kitaifa, kwa watu wote 2,000, kituo kilichopewa asilimia 5 kinaweza kuwa na 4 au 6. Kituo cha sita na cha tisa vinaweza kubadilishana nafasi bila msikilizaji hata mmoja kuhama. Hata hivyo bei hupanda na kushuka kwa kufuata nafasi hizo.

Njia ya kukusanya majibu nayo ina mwelekeo wake. Mahojiano ya ana kwa ana humuuliza mtu alisikiliza nini jana. Shajara humwachia kijitabu cha wiki nzima, kila siku imegawanywa katika robo saa, yaani visanduku 96 kwa siku. Kila aliyewahi kukusanya vijitabu hivyo anakitambua kile kilichojazwa Jumapili usiku kwa mkupuo mmoja: wino mmoja, mkono mmoja, alama zimenyooka kutoka Jumatatu hadi Jumamosi kama mtu huyo hakuwahi kuugua, kusafiri wala kukatikiwa umeme. Anachoandika hapo ni mazoea yake. Redio kubwa yenye jina linalokumbukwa hunufaika, na ndogo iliyosikilizwa kweli kwa dakika ishirini hufutika.

Kuna kosa jingine ambalo ni la kwetu wenyewe, na linastahili kuangaliwa kwa karibu. Hojaji nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na saa zake ni za Kizungu. Msikilizaji akisema anafuatilia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, anamaanisha saa ambayo kwenye karatasi imeandikwa 20:00. Mdadisi aliyechoka, au ujumbe wa simu usio na mtu wa kuuliza tena, unaweza kuiweka saa mbili hiyo kwenye kisanduku cha 2:00. Vivyo hivyo siku: kwa wengi wetu usiku wa kuamkia Ijumaa ni wa Ijumaa, ilhali kwenye fomu ni usiku wa Alhamisi. Mtafiti makini hulisahihisha hili kwa kuuliza kwa matukio, kabla ya swala ya magharibi, baada ya chakula cha jioni. Asiye makini huuza taarifa ya habari ya usiku kama kipindi cha usiku wa manane, na hakuna mnunuzi atakayegundua.

Katika miaka kumi iliyopita utafiti wa ujumbe mfupi umeingia kwa kishindo, kwa sababu ni wa haraka na wa bei nafuu. Swali linaingia kwenye simu, mtu anajibu kwa namba, anapewa muda wa maongezi kidogo. Majibu ya jana yako mezani leo. Lakini anayejibu ni mwenye simu yake mwenyewe, yenye chaji, anayejua kusoma na mwenye nafasi ya kubonyeza. Bibi wa Kishapu anayesikiliza redio ya betri tangu alfajiri hadi jioni hayumo. Mke anayetumia simu ya mumewe anaonekana kama mume. Na hao ndio watu wanaoitegemea redio kuliko kijana wa Sinza mwenye bando la intaneti.

Wenye fedha wanasema dawa ni vifaa, kwa hoja kwamba mashine haisahau na haina haya. Historia inawaunga mkono kwa sehemu tu. Nchini Marekani kifaa kilichofungwa kwenye redio na kurekodi stesheni iliyochaguliwa kilianza kutumika kibiashara mwaka 1942. Kilijua redio imewashwa, hakikujua kama kuna mtu chumbani. Mwaka 1987 televisheni za huko zikahamia kwenye kifaa chenye vitufe, ambapo kila mwanafamilia hubonyeza chake akikaa kutazama na akiondoka. Mwaka 2001 Uswisi ikaanza kuwavisha wasikilizaji saa ya mkononi inayonasa sekunde chache za sauti mara kwa mara, kisha sauti hiyo inalinganishwa na kumbukumbu za vituo vyote, kama polisi wanavyolinganisha alama za vidole. Mwaka 2007 miji ya kwanza ya Marekani ilianza kupimwa rasmi kwa kifaa kidogo cha kuning'iniza kiunoni, kinachosikiliza alama ya siri iliyopachikwa ndani ya matangazo ya kila kituo, alama ambayo sikio la binadamu haliitambui.

Alama hiyo imefunza jambo ambalo redio zetu zingepaswa kulijua mapema. Inajificha nyuma ya sauti inayorushwa, kwa hiyo inahitaji sauti ya kujifichia. Muziki mzito unaibeba vizuri. Mtu anayezungumza polepole, anayenyamaza kidogo kabla ya kujibu, anaipa mahali padogo pa kukaa. Wamiliki wa redio za mazungumzo huko walilalamika kwamba kifaa hakiwasikii sawasawa, na mwaka 2014 kikaingia sokoni chombo cha kuiongezea alama nguvu, kikazua mabishano makubwa. Sasa fikiria kipindi cha mashairi, mahubiri, darsa la Ramadhani au mzee anayesimulia mgogoro wa ardhi kwa utulivu wake. Tukinunua teknolojia hiyo bila kuijaribu kwa sauti zetu, tutakuwa tumeamua, bila kikao chochote, kwamba vipindi vya namna hiyo vina wasikilizaji wachache.

Idadi ya watu waliopewa vifaa nayo ilileta kesi. Redio zinazowahudumia Wamarekani weusi na Walatino zilidai kwamba watu wao, hasa vijana na wanaotumia simu za mkononi pekee, hawakutosha kwenye kundi lililopimwa. Mwaka 2008 majimbo ya New York na New Jersey yaliipeleka mahakamani kampuni ya upimaji, na mwanzoni mwa 2009 suala likamalizwa kwa makubaliano ya kurekebisha sampuli. Kifaa kilikuwa cha kisasa kuliko vyote, lakini swali lilibaki lilelile la bwana wa Kanda ya Ziwa: nani aliulizwa?

Kwetu Afrika Mashariki kuna vikwazo vya ziada. Kifaa cha televisheni kinahitaji umeme wa kutegemewa na laini ya simu ya kutuma taarifa usiku. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu asilimia 57 ya kaya zilikuwa na redio na karibu asilimia 41 zilikuwa na televisheni inayofanya kazi. Hapo hapo zaidi ya nusu ya kaya ziko nje ya mizani ya televisheni, ingawa watu wake hutazama mpira kwa jirani au kwenye kibanda umiza. Ving'amuzi vya antena na vya dishi vingi hupokea tu, havirudishi habari ya kinachotazamwa. Redio ndiyo ngumu zaidi. Inasikilizwa kwa kinyozi na watu sita wanaosubiri zamu, ndani ya daladala kwa chaguo la dereva, na shambani kupitia visikizi vya simu, ambavyo kifaa cha kiunoni hakiwezi kuvisikia bila kuunganishwa navyo.

Ukiwauliza wenye mamlaka, picha inakuwa nyepesi. Ofisa mmoja anayefuatilia sekta hii Tanzania hupenda kuanza na idadi ya leseni: zaidi ya redio 200 katika nchi ambayo kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilitegemea utangazaji wa serikali. Ni hatua kubwa, hakuna wa kuikana. Kisha anaongeza kwamba mawimbi yanawafikia wananchi karibu wote, na hapo ndipo hesabu inapoteleza. Mawimbi kufika juu ya paa la nyumba si sawa na mwenye nyumba kusikiliza. Leseni 200 hazielezi ni ngapi zinalipa mishahara kwa wakati, na ramani ya mawimbi haimsaidii mfanyabiashara kujua aweke fedha zake wapi. Ofisa huyo alipoulizwa nani anahakiki takwimu za wasikilizaji, alisema soko litajirekebisha lenyewe. Limeachiwa kazi hiyo kwa takribani miaka thelathini.

Tumeshaonja gharama ya kukosa mizani inayokubalika. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata mwaka 2013, serikali ilisema zoezi limekwenda vizuri. Wamiliki wa vituo wakasema watazamaji wamepungua kwa sababu wengi hawana ving'amuzi, na matangazo yamekimbia. Inawezekana kila upande ulikuwa na ukweli wake. Lakini hapakuwa na kipimo ambacho wote wangekiheshimu, kwa hiyo uamuzi ulibaki kwa mwenye sauti kubwa zaidi.

Na kipimo kikiwepo, kinaweza kuchezewa. India ina kundi kubwa sana la kaya zenye vifaa, na mwaka 2020 lilikuwa na zaidi ya kaya 40,000. Oktoba mwaka huo polisi wa Mumbai walidai kwamba baadhi ya kaya zilikuwa zikilipwa rupia mia chache kwa mwezi ili ziache televisheni kwenye chaneli fulani, hata kama hakuna anayetazama. Vituo vilivyotajwa vilikana, na kesi ikaja kuondolewa bila hukumu, lakini utoaji wa takwimu za chaneli za habari ulisimamishwa kwa zaidi ya mwaka. Funzo kwetu ni la hesabu: kundi likiwa dogo, kaya moja inabeba maelfu, na kuinunua ni rahisi kuliko kutengeneza kipindi kizuri. Kwa sampuli za ukubwa wetu, anayejua majina ya nyumba hizo ameshika soko.

Uingereza ilichagua njia ya kulipa na kusimamia kwa pamoja: televisheni tangu 1981, redio tangu 1992. Watangazaji na wanunuzi wa matangazo wanakaa meza moja, wanakubaliana kanuni, wanaajiri watafiti, na matokeo ni ya wote. Kenya imejaribu njia hiyo, na mvutano wa nani alipe na nani aamue haujakwisha. Tanzania wakubwa huiunga mkono kwa maneno, lakini anayeongoza kwenye jedwali la sasa hana haraka ya kugharimia jedwali jipya. Wadogo wangependa, ila hawana mchango. Wakala wa matangazo amezoea ripoti aliyonayo, na mteja wake hajauliza.

Mwelekeo wa mbele unategemea mambo mengi, na si yote yanaelekea upande mmoja. Programu za simu zinazotambua sauti ya kituo kupitia kipaza sauti zinaweza kupunguza gharama kwa kiasi kikubwa, iwapo watu watakubali simu zao zisikilize vyumbani mwao. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na ridhaa ya kweli haipatikani kwa kuahidi muda wa maongezi peke yake. Teknolojia hiyohiyo ya kutambua sauti tayari inaweza kuthibitisha kama tangazo lililolipiwa limerushwa, na huko ndiko fedha nyingi zinaelekea, kwa sababu mteja anaona faida yake mara moja. Huenda ikasaidia redio ndogo kudai malipo yao mapema. Huenda pia ikaishia kuwa fimbo ya kuzichapa.

Walio karibu na biashara hawatarajii makubwa kwa muda mfupi. Kinachowezekana leo ni kidogo, lakini kina maana: mnunuzi wa matangazo asikubali jedwali lisilo na ukurasa wa sampuli, aulize mkoa anaoulenga ulikuwa na watu wangapi, aulize saa ziliandikwaje, na asilipe tofauti ya bei kwa tofauti ya asilimia moja ambayo hesabu haiwezi kuitetea. Haya hayahitaji mashine wala sheria. Yanahitaji mtu mmoja kwenye kila kikao cha bajeti awe na ujasiri wa kuuliza.

Hili linatugusa zaidi ya bei za matangazo. Tangazo ndilo linalolipia kipindi, na asiyehesabiwa hatangaziwi, na asiyetangaziwa mwishowe hatengenezewi kipindi. Mvuvi asiye na safu kwenye jedwali atakosa taarifa ya upepo siku jenereta ya redio yake itakapokosa mafuta.

Mmiliki wa Kanda ya Ziwa bado anaweka kadi za salamu kwenye kabati la studio, zimefungwa kwa mipira kulingana na mwezi. Anasema siku ikipatikana mizani atakayoiamini ataacha kuzihifadhi. Kwa sasa anaona ni hesabu nzuri kuliko aliyoonyeshwa Dar es Salaam, kwa sababu hizi, anasema, zina majina.